Muguu Wenye Haukusikia Moto

Nchelenge, tarehe 9 ya mwezi wa nane, 1976

Kwa Yaya wangu Hippolyte,

Ninakusalimia na heshima yote yenye mudogo anapashwa kumupa mukubwa wake. Najua ku bikaratasi bya serikali ya kwenu leo hakuna tena Hippolyte, uko tu Nkulu. Lakini huku Zambia hakuna mutu anakataza jina ya ubatizo, basi acha nikuite vile mama alikuita. Mama yuko namna gani? Kikohozi kilimuachia? Mwambie batoto bangu bawili ni bazima. André bwana yangu ni muzima pia, anaenda na kurudia Chisenga kununua chisense, bale samaki badogo, kwa bavuvi, na ngozi yake inanuka samaki mpaka siku ya Mungu mu kanisa. Miye, mwili ni muzima. Habari ya moyo utaisikia mbele kidogo.

Na wewe, muguu? Mama Berthe, mwenye anakuletea barua hii pamoja na magunia yake ya chumvi, aliniambia kidonda kilifunguka tena chini ya unyayo, na unatembea sasa na fimbo. Ni juu ya ule muguu ninakuandikia. Ikala chini, Yaya, barua ni ndefu.

Mara ya mwisho ulituma watu kuniuliza kama ni kweli ninafanya kazi na dokta mwenye kukata bachura. Ni kweli. Anaitwa Fanwell Chanda, mutoto wa Kafutuma hapa karibu, alisomea dawa za banyama Ulaya. Serikali ilimutuma Nchelenge kuangalia ngombe na mbuzi, lakini ngombe huku ni wachache, unajua, watu ni wa samaki. Basi nusu ya siku iko na nafasi. Alipewa nyumba ya mabati ku kando ya ziwa, mule zamani bafanyabiashara walikuwa wanaweka barafu, akaipaka chokaa, akaleta meza mbili, darubini moja ya kuangalia bitu bidogo, na mabanda ya basungura. Mwaka uliopita aliuliza ku soko nani anajua kuchemsha seringi ya shindano na kushika kalamu. Bamama balinionyesha kidole. Hivi njo nilipata kazi.

Hatafuti dawa ya ngombe mule. Anatafuta kitu kingine, na niliona ajabu wakati alinieleza. Miaka tano imepita, walimungoa jino. Walimupiga shindano ya kufanya nyama isisikie, ile yenye kuua uchungu kwa saa moja, mbili, kiisha nyama inarudia kusikia. Ya kwake haikurudia. Mpaka leo mudomo wake wa chini, upande wa kushoto, haujui kama chai ni ya moto ao ya baridi. Akikunywa, matone yanashuka ku kidevu, hajui. Siku za kwanza nilifikiri ni mutu mwenye hana adabu. Sasa ninamupa kitambaa bila kusema kitu, naye anakipokea bila kusema kitu.

Alienda kumuuliza ule mwenye alimungoa jino. Alijibiwa kama shindano iligusa muzizi wa kusikia, ule uzi wa ndani ya mwili wenye kupeleka uchungu, ni bahati mbaya, mambo yameisha. Alimuuliza mwingine, akamwambia ni mawazo yake tu. Lakini Dokta Chanda ni mutu mwenye kichwa ngumu. Alijiuliza: ni shindano iliharibisha, ao ni dawa yenyewe? Kama ni dawa, ni dawa ya nguvu gani? Watu wote wanaitumia, hospitali zote. Nani aliangalia?

Ile swali iliingia ndani yangu pia, Yaya. Unajua tangu utoto niko mutu wa kuuliza.

Tulianza na bachura. Ni miye nilikuwa ninabakamata mu matete asubuhi, bamama benye kuanika chisense ku muchanga wananicheka, wanasema Clotilde ameacha samaki anakula bachura kama muzungu. Wengine hawakucheka. Walisema ndani ya ile nyumba tunatengeneza bulozi, ni kusema uchawi. Nilibaambia waingie waone. Waliingia wawili, wakaona, wakatoka.

Hivi njo ilikuwa. Chura akishakufa, Dokta anatoa muzizi mumoja mweupe wa paja, mwembamba kama uzi wa wavu, pamoja na nyama ya muguu. Anaulalisha juu ya nyaya mbili, anaunga batri ya radio, na ile nyama, ya chura mwenye alishakufa, inaruka. Mara ya kwanza nilirudi nyuma mpaka ku mulango. Anatia tone ya dawa ku muzizi: nyama inanyamaza. Anaosha na maji ya chumvi, anangojea: nyama inaamuka tena. Nilifurahi kama mutoto. Kiisha alichukua dawa ileile lakini ya nguvu sana, akatia, akaosha. Akaosha tena. Tuliosha mpaka mchana, ile nyama haikuruka tena. Na muguu mwingine, wenye tulitia maji ya chumvi tupu, ulikuwa unaruka bado.

Dokta hakufurahi haraka. Alisema chura ni chura, na muzizi wenye umetolewa mu mwili unaweza kuchoka juu ya sababu mingi. Tupime ku munyama muzima mwenye anaishi. Njo tukaingia kwa basungura, bale Babemba wanaita bakalulu.

Alinitengenezea chupa ine, akafunga uzi ku shingo ya kila moja: mweupe, muekundu, buluu, mweusi. Ndani ya moja ni maji ya chumvi tu. Ndani ya zile zingine ni dawa, ndogo, ya katikati, ya nguvu. Lakini hakuniambia gani ni gani. Nilimuuliza kama hana imani na miye. Alisema:

“Niko na imani na wewe, mukwai. Sina imani na macho ya mutu mwenye anajua kile anapenda kuona. Hata yangu.”

Basi, yeye anapiga shindano karibu na muzizi wa muguu, na miye, bila kujua, ninaangalia na kuandika. Kuangalia namna gani? Ukimunyanyua sungura muzima, anafungua bidole bya muguu, anabipanua kama kipepeo. Mwenye muzizi wake umelala, bidole byake bimefungana. Tena unatia muguu mu maji ya vuguvugu yenye kuzidi kidogo. Muzima anautoa mbio, mwingine anauacha. Niliandika saa, niliandika jina ya uzi. Mweupe: wote walipanua bidole tangu mwanzo. Hawa, hata kama shindano iliingia palepale, hawakupata kitu. Muekundu: walilala saa moja na nusu, wakaamuka. Buluu: wakaamuka pia, isipokuwa mumoja mwenye alichelewa siku tatu. Mweusi: tulikuwa na sita. Wawili wakaamuka. Ine hawakuamuka siku ile, wala kesho yake, wala juma yenye ilifuata.

Nilikuwa ninaenda kazini mapema kuliko saa ya kazi, sababu nilitaka kuona kama bidole bimefunguka. André alisema ninabapenda basungura kuliko yeye.

Siku ya kenda, nilifungua banda la mumoja wa uzi mweusi, dume wa kijivu, mwenye kula sana. Alikuwa ameikala kimya, anatafuna. Nilifikiri ni majani. Nilipoinama niliona damu. Alikuwa anakula bidole bya muguu wake mwenyewe, Yaya. Biwili bilishaisha. Anatafuna polepole, macho yake ni ya amani, kama mutu mwenye kula karanga. Hakusikia kitu. Ule muguu haukuwa tena wake.

Nilimuita Dokta, akakuja, akamufunga kitambaa, akanieleza kama kipande cha mwili chenye kukosa kusikia, munyama mwenyewe anakiona kama kitu kigeni kimeshikama ku mwili. Alikuwa anaendelea kusema, lakini miye nilitoka inje, nikaenda mpaka ku maji, nikasimama mule na viatu.

Sababu nilikuona wewe. Nilikuona siku ile ku majiko ya kukausha samaki, mwaka wa 1971, umesimama unazungumza na bavuvi, unacheka, na unanusa, unasema, “Angalieni, samaki zenu zinaungua.” Na wote tuliangalia samaki, samaki haikuungua. Ilikuwa muguu wako juu ya makaa.

Unajua kile kilifuata. Bazee walisema muguu wa mutu haukufe bure. Walimuita mufumu, mwenye kuagua, akaangalia mu maji yake, akasema ni mutu wa karibu, mwanamuke, ametia dawa mu njia yenye unapita. Na mwanamuke wa karibu mwenye hakuwa damu yetu alikuwa mumoja tu, bibi yako wa ndoa, Emilienne. Kikao kilikaliwa mu nyumba ya baba mukubwa Chabu. Waliuliza kila mutu kama anajua kitu. Kila mutu alisema kile alijua na kile hakujua. Nyuma ya siku mbili walimurudisha Emilienne kwao Mununga, na Rosaria ku mugongo, mutoto hakuwa hata ameacha kunyonya.

Sasa, Yaya, nitaandika kile nilipashwa kusema siku ile ya kikao.

Miezi mitatu kabla ya ule moto, mwiba wa samaki ulikuvunjikia mu kisigino. Walikubeba mpaka ku dispensere kwenye nilikuwa ninasaidia. Infirmiye wetu, munganga wa pale, alikuwa amesafiri, nilikuwa peke yangu. Ulikuwa unalia, wewe mwenye haukulia hata siku ya kuzika baba. Niliona ninapashwa kukulaza muguu kwanza, kiisha nitoe mwiba, vile nilikuwa nimeona infirmiye anafanya mara nyingi, nyuma ya mufupa wa kifundo. Nilifungua kabati. Chupa ya shindano ilikuwa imeisha. Pembeni ilikuwa chupa ingine, jina ya dawa ileile, lakini ilikuwa ya kupaka mu koo, kwa batu wenye kuingizwa mupira wa kupumulia. Ile haipigwe shindano, ni kali mara tano. Ku karatasi yake iliandikwa. Nilisoma. Najua kusoma, ni wewe ulinipeleka masomo.

Nilisema ndani ya moyo: dawa ni dawa, itamulaza muzuri zaidi. Nikajaza seringi. Nikakupiga. Na muguu ulilala mbio, nikatoa mwiba, ukanisifu mbele ya watu wote, ukasema mudogo wangu ni munganga. Kiisha nilitupa ile chupa mu choo, na infirmiye aliporudia nilimwambia ilivunjika.

Siku ya kikao, walipofika kwangu, nilisema sijui kitu. Kweli, sikujua kama dawa inaweza kuua muzizi, hakuna mutu alinifundisha. Lakini nilijua chupa haikuwa ile. Nilijua tangu siku ile ulikuwa unalalamika unyayo wako ni kama unakanyaga pamba. Nilinyamaza sababu ya aibu, ya woga wa kufukuzwa kazi, na ya ile sifa yenye ulinipa. Kiisha nikaolewa, nikavuka ziwa, na nikafikiri maji ni mengi, yatafunika.

Nyuma ya ule sungura, nilifanya kazi siku mbili bila kumuambia Dokta habari yako. Dokta alimuua sungura pole, akatoa muzizi wa ule muguu, akautia mu dawa yenye kuupaka nyeusi, akaukata vipande vyembamba. Akaniita ku darubini. Muzizi wa muguu muzima unaonekana kama mayai ya samaki yamepangwa, kila moja na mviringo mweusi muzuri. Wa uzi mweusi, mviringo imevunjika, imejikunja, mingine iko tupu. Hapo tu akafungua karatasi yake yenye alificha na kunisomea: mweupe ni maji ya chumvi, mweusi ni dawa ya nguvu. Shindano ilikuwa ileile, mukono ulikuwa uleule. Tofauti ni dawa.

Nilianza kulia palepale na jicho moja ku darubini. Nikamuelezea yote. Alipangusa kidevu yake, kiisha akasema:

“Clotilde, siwezi kuapa. Sungura si mutu, na sita ni kidogo. Muguu wa yaya yako unaweza kuwa uliharibiwa na mwiba wenyewe, ao na usaha. Lakini ukiniuliza mimi ninaweka wapi mawazo yangu, ninayaweka ku ile chupa.”

Nilimuuliza nifanye nini. Alisema hii haiko swali ya munganga wa banyama.

Basi juma yenye ilipita nilipanda lori ya samaki mpaka Mununga. Sikukwambia mbele, nisamehe hata hii. Niliona yeye anapashwa kusikia wa kwanza.

Emilienne yuko muzima. Amekonda. Anaishi nyuma ya nyumba ya baba yake. Anavua na kukausha samaki ya mpale vile alijua kufanya, lakini hauzi yeye mwenyewe. Dada yake njo anapeleka ku soko, anasema ni zake, sababu habari ya bulozi ilivuka ziwa mbele yake, na hakuna mutu anapenda kula kitu chenye kimepita mu mikono yake. Rosaria ana miaka sita sasa. Ana paji la uso lako. Batoto wengine hawachezi naye.

Nilimusimulia nikiwa nimepiga magoti. Hakuniambia nisimame. Aliendelea kupasua samaki mpaka nikaisha. Kiisha alisema:

“Siku ya kikao uliikala karibu yangu. Goti lako liligusa langu.”

Nilisema ndiyo.

“Nilifikiri njo unanipa nguvu.”

Aliosha kisu, akakipangusa. Kiisha aliniuliza kitu chenye sikungojea. Aliuliza ule sungura mwenye alikula bidole byake, mwisho walimufanya namna gani. Nilimuelezea darubini, na mayai ya samaki, na mviringo yenye kuvunjika. Alisikiliza kila neno, akaniuliza mara mbili muzizi ni munene gani, nikamuonyesha ku uzi wa wavu. Akaushika ule uzi mu bidole byake, akauangalia muda murefu. Akasema, “Kitu kidogo hivi.”

Hapo njo alianza kulia, na miye pamoja naye, lakini kila mutu upande wake.

Wakati lori ilipiga honi alinituma maneno, nayaandika vile aliyasema. Alisema usifikiri anaomba kurudia. Kama utamutaka ao hautamutaka, ile ni mambo ya kesho. Anataka kitu kimoja. Batu wenye walisikia mufumu anataja jina yake, balebale, mu nyumba ileile, wasikie jina ya chupa. Kiisha mutu mukubwa wa familia yetu avuke akaseme hivyo mbele ya baba yake, ku Mununga, mchana, mbele ya majirani.

Yaya, najua utakasirika, na uko na haki. Muguu ni wako, bibi alikuwa wako, mutoto ni wako, na miye nilikunyanganya yote matatu. Sikuombi usinikasirikie. Ninakuomba tu usimukasirikie yeye tena hata siku moja.

Na juu ya kidonda, unisikilize hata kama hautaki kunisikiliza kwa mengine. Dokta Chanda anasema kusikia hakutarudia tena, miaka ni mingi, lakini muguu wenyewe unaweza kupona. Kila asubuhi weka kioo chini, angalia unyayo wote, macho yako yafanye kazi yenye ngozi haifanye. Usivae kiatu bila kupitisha mukono ndani. Maji ya kuosha, mama ayapime na mukono wake, si wewe na muguu wako. Usikaribie majiko. André amekununulia viatu bya kufunga, Mama Berthe anabyo. Kama vinabana, hautajua, basi uliza mutu mwingine akuangalilie.

Barua hii usiisome peke yako. Umupe baba mukubwa Chabu aisome kwa sauti mu nyumba yake, na mama awepo, na bazee wote benye walikuwa. Asiruke kipande. Miye nitavuka na bwato ya Mama Berthe juma ya pili nyuma ya hii. Nitasimama mbele yao niseme tena kwa mudomo, kama mutu anafikiri barua inaweza kudanganya. Kama mutanifukuza, nitarudia huku. Kama baba mukubwa atakubali, nitamusindikiza palepale mpaka Mununga.

Bahasha sikuifunga. Mama Berthe aliniuliza kama nimesahau, nikamwambia hapana, asome, na mwenye ataikala naye mu bwato asome pia. Bulozi wa Emilienne ulivuka ziwa mu midomo ya watu. Na hii ivuke vilevile.

Nisalimie mama, umupake mafuta ku kifua mahali pangu. Nisalimie bandugu wote benye wangali wananiita ndugu. Dokta Chanda anakusalimia pia, hata kama hamujuani. Anasema angependa siku moja akuone, si kama munganga, lakini kama mutu mwenye kujua jambo lenye watu hawakumuamini.

Mungu akulinde, Yaya, wewe na muguu wako.

Ni miye mudogo wako, mwenye alijaza seringi,

Clotilde